Kiini Kilichokupokea

Wambui,

Wewe na Nyambura mmeenda mjini kusuka nywele. Baba yenu amelala kwenye kochi huku redio ikimwongelesha, na mimi nimekaa jikoni na karatasi za mtihani za Form Three ambazo sitazisahihisha leo. Nimechoka. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema kwa sababu utaona mwandiko wangu ukizidi kulala kadiri tunavyoendelea, na sitaki ufikiri ni machozi. Ni magoti, mgongo, na muhula ambao umekataa kuisha.

Mambo ya pasipoti, chanjo, na kutombebea mtu usiyemjua mzigo wake uwanjani, nimeshakwambia mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Hayo sitayarudia. Nataka tuongee juu ya hafla ya kukuaga Jumamosi kule Subukia, kwa kina baba yenu, na juu ya yale uliyoniambia kwenye gari tukirudi. Pia nataka kuongea juu ya hii kazi unayoiendea, kwa sababu tangu Jumatatu sijaweza kuitenganisha na hayo mengine.

Jumamosi kila mtu alisema vizuri isipokuwa mimi. Mchungaji aliomba, shangazi zako waliimba, na baba yenu, ambaye husema maneno machache kuliko ng'ombe zake, alisimama akakubariki mpaka mwisho bila kukwama. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama Wambui, sema neno kwa mtoto." Nikasimama. Hata wale wa jikoni wakatoka na vitambaa vya sufuria mikononi kuja kusikiliza mwalimu. Nikasema, "Huko kuna baridi. Ubebe sweta." Nikakaa.

Watu walicheka, wakadhani nimewachekesha kwa makusudi. Wewe hukucheka. Uliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea tangazo, na Nyambura akasimama kuniokoa, akalia, akawaliza wote, na hafla ikaendelea.

Kwenye gari Nyambura alilala, kichwa chake mapajani mwangu kama kawaida yake, mwanamke mzima wa kuuza dawa za ng'ombe. Wewe ulikuwa umeangalia nje dirishani. Ukasema, "Mami, I think nikimaliza nitakaa huko tu. Nyambura atawaangalia. Sioni kama hapa kuna kitu kinaningoja." Hukusema kwa hasira. Ulisema vile mtu anavyomwambia jirani kwamba mvua inakuja, aanue nguo. Na mimi nikasema, "Sawa."

Hilo nalo lilitoka vibaya. Sikuwa sawa hata kidogo, na sijawa sawa tangu siku hiyo.

Jumatatu nilikuuliza huko unaenda kufanya nini hasa. Majirani huniuliza, na mimi, mwalimu wa fizikia, huwaambia "mambo ya atomu," halafu naona wananitazama kama mama wa mtu anayetengeneza mabomu. Tulikuwa tumekaa hapa hapa, mimi nachambua maharagwe, wewe unapukuchua mahindi kwa ajili ya githeri.

"Unajua nyutrino, Mami?"

"Najua kuna kitu kama hicho," nikasema. Kitabu chetu kinaishia kwenye protoni, nyutroni na elektroni. Zaidi ya hapo mwalimu hutegemea kengele imwokoe.

Ukaniambia ni chembe ndogo isiyo na chaji, uzito wake karibu na bure, na kwamba hata jina lake likifanana na la nyutroni, hizo ni chembe mbili mbalimbali kabisa. Zinamiminika kutoka kwenye jua, zinatupitia mwilini usiku na mchana bila kugusa chochote. Na ina mwenzake, antinyutrino, na hizo nyingine zinatoka hata chini ya miguu yetu, kwenye miamba, kutoka chini ya mlima Menengai na chini ya choo cha nyuma. Nilipenda hapo. Nikakuuliza zinatofautiana nini, kama zote hazina chaji na uzito ni ule ule. Ukasema ni namna zinavyojizungusha zikienda. Moja daima ni ya mkono wa kushoto, nyingine daima ni ya mkono wa kulia.

Nikacheka, nikawakumbuka watoto wangu kwenye chumba cha mtihani. Swali la sheria ya mkono wa kushoto likifika, darasa zima huanza kukunja vidole hewani. Wengi hukosea kwa sababu moja ya kijinga: kalamu iko mkono wa kulia, na wanapoiweka chini ili wafikiri, wanafikiri na mkono ule ulioachwa wazi. Miaka hii yote nimewapigia kelele, "Angalieni ni mkono gani mmeinua," na bado.

Ukachukua sufuria ukamimina mahindi na maharagwe pamoja. "Hii ndiyo kiini cha atomu. Mahindi ni nyutroni, maharagwe ni protoni." Nyutrino ikija, ukasema, inabisha hodi kwa nyutroni, inaigeuza kuwa protoni, na kitu chenye chaji hasi kinaruka nje. Antinyutrino inabisha kwa protoni, inaigeuza kuwa nyutroni, na kinachoruka nje ni chanya. Kila moja ina mlango wake. Na kwenye agoni, ile gesi mtakayoitumia huko ikiwa imepozwa mpaka imekuwa kimiminika, kuna nyutroni ishirini na mbili na protoni kumi na nane, kwa hivyo milango tayari si sawa.

"Lakini si idadi pekee, Mami. Hata milango ikiwa sawa, ile ya mkono wa kulia bado inakataliwa sana. Kwa zile nguvu tunazotumia, nyutrino inapokelewa karibu mara mbili ya mwenzake, saa zingine hata zaidi."

"Na ile isiyopokelewa inafanya nini?"

"Inapita tu. Inaendelea na safari yake."

Ukaniambia watu wanataka kujua kama hizo mbili zina tofauti ya kweli, ya asili, kwa sababu huenda hapo ndipo kuna jibu la kwa nini ulimwengu una vitu ndani yake badala ya kuwa mtupu. Kwa hivyo wanatuma za aina moja mbali sana chini ya ardhi, kisha za aina nyingine, halafu wanalinganisha zilizofika. Hapo ukaacha kupukuchua.

"Shida ni kwamba tunazishika kwa viini, na viini vina mapendeleo yao. Ukiona hizi zimekuwa nyingi na hizi chache, ni rahisi kusema, aha, ziko tofauti. Kumbe labda hazikuwa tofauti vile. Ni kiini kilizipokea tofauti."

"Sasa wewe kazi yako ni gani?"

"Kukijua kiini. Kukijua vizuri kabisa, kabla mtu hajasema kitu juu ya hizo mbili."

Nilishika haragwe moja muda mrefu. Ukaniuliza, "Mami, uko sawa?" Nikakwambia toa hilo jiwe kwenye sufuria litamvunja mtu jino.

Sijui kama ulikuwa unaniambia kitu. Sidhani. Wewe si mtu wa mafumbo, na macho yako yalikuwa yanang'aa kama ya mtu anayeongea juu ya agoni na agoni tu. Lakini mimi nilisikia kingine, na tangu siku hiyo ninapika na kusahihisha na kuoga nikiwa nacho.

Wacha nikueleze ulivyopokelewa.

Unajua desturi yetu ya majina. Binti wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake, wa pili jina la mama wa mama yake, na wazazi hawaulizwi. Na jina halikai peke yake. Watu husema yule mwenyewe amerudi, na mama wa mtoto anatakiwa amkaribishe hivyo. Wengi hulifanya kuwa mzaha wa kupendeza. Mimi niliamini.

Cucu yako Wambui, mama wa baba yenu, alikuwa mwanamke wa kahawa na ng'ombe, sauti yake ilivuka bonde bila simu. Mimi nilitoka Rongai nikiwa na cheti cha ualimu na mikono laini. Hakunitukana hata siku moja, lazima niseme. Alichofanya ni kuosha sufuria nilizokwisha kuziosha. Alizitoa pale nilipozianika, akaziangalia ndani, akaziosha tena taratibu, mimi nikiwa nimekaa pale pale. Aliniita "mwalimu." Kila jioni alionja chakula changu kwa ncha ya kijiko, akanyamaza, na huo unyamavu ulikuwa alama yangu ya siku. Tulipohamia Nakuru, hapa Section 58, tuliwaambia watu ni kwa sababu ya kazi yangu. Ilikuwa ni sufuria.

Halafu ukazaliwa. Cucu akaja hospitali na uji kwenye chupa ya chai, akakuchukua, akakugeuza huku na huku, akacheka. "Haya, mwalimu. Sasa nimekuja kukaa kwako." Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka. Ni maneno ambayo kila nyanya husema. Lakini wageni walipoondoka nilikutazama ukinitazama, na nikahisi nimeletewa mkaguzi wa shule ambaye hataondoka.

Wambui, sikukuchukia. Nataka uelewe hilo kwanza. Nilikuheshimu. Nilikupa paja la kuku tangu una meno manne. Sikukuchapa kamwe, sikukutania, sikula kwenye sahani yako. Ulipoanza shule nilikuwa nafagia nyumba kabla hujarudi. Siku moja ulipitisha kidole mezani, mchezo tu wa mtoto wa chekechea, nami nikasimama kutafuta kitambaa. Ulipolia, wanawake wengine wangekubeba. Mimi nilijiuliza nimekosea wapi. Na kwa kuwa ulikuwa na akili tangu mwanzo, uliacha kulia. Watu wakasema, "Huyu alizaliwa akiwa mtu mzima," nami nikakubali, nikajisifu hata.

Nyambura alipokuja alikuwa na jina la mama yangu, ambaye nilimzika nikiwa bado chuoni na sikuwa nimemaliza kumhitaji. Walimweka kifuani pangu nikamwita Maitu, mama yangu, na sijaacha mpaka leo, kama unavyosikia kila asubuhi. Maitu amka, Maitu njoo ule, Maitu nitakuua. Nimemchapa, nimemtekenya, nimemrushia ndala akikimbia kutoka hapa mpaka getini, kisha nimemtafuta nikampakata. Wewe hujawahi kurushiwa ndala.

Ulikuwa darasa la kwanza au la pili uliponiuliza. "Mami, mbona Nyambura unamchapanga na mimi hunichapangi?" Nikasema ni kwa sababu wewe ni mtoto mzuri. Ukaenda kabatini, ukachukua kikombe changu cha maua, ukakiangusha sakafuni ukiniangalia usoni. Ukasimama hapo na mikono nyuma, ukingoja.

Nilichukua ufagio. Nikakusanya vigae, nikakuuliza kama umekatwa mahali. Ukasema hapana. Nikakwambia uvae viatu usije ukaumia. Bado nakuona umesimama pale, karibu na mahali nilipokaa sasa hivi, ukiendelea kungoja hata baada ya sakafu kuwa safi.

Hukuvunja kitu tena. Na mimi nikaanza kuwaambia watu kwamba Wambui ni mgumu, Wambui hahitaji mtu, Nyambura ndiye mwenye moyo. Niliwaambia walimu wenu, shangazi zenu, wanawake wa kanisani. Nilisema kama mtu aliyepima. Mimi ambaye huwakata watoto wa watu alama kwa kutoangalia kosa la sifuri! Unajua ninavyowaimbia: kabla hujapima chochote, kifunge kifaa kikiwa kitupu, uone kama kinaanza kwa sifuri, kama hakianzi uandike, uondoe. Hata mara moja sikujifunga mimi nikiwa mtupu nikaangalia.

Na ushahidi ulikuwepo, ndio unaonichosha zaidi. Ulikuwepo kila likizo.

Jumatatu ulinitajia haidrojeni, kwamba kiini chake ni protoni moja peke yake, hakuna nyutroni. Kwa hivyo pale nyutrino haina mlango wa kubisha, na antinyutrino ndiyo inayokaribishwa. Nikakuuliza, "Kwa hivyo mtu akitaka kuijua hiyo antinyutrino vizuri, si aipeleke kwa haidrojeni?" Ukasema wengi wangependa, lakini haidrojeni ni hatari, inalipuka. Nikacheka mpaka ukashangaa. Nilikuwa nimemwona Cucu, peke yake katika ile nyumba ya Subukia, na kulipuka kwake.

Nikija kuwachukua shule zikikaribia kufunguliwa, nilikuwa naanza kukusikia kutoka barabarani. Ulikuwa unapiga kelele. Wewe, Wambui, ambaye hapa nyumbani husikiki ukifungua mlango. Nilikukuta mapajani mwa Cucu ukiwa mkubwa kiasi cha miguu kuburuta chini, mnabishana juu ya ndama, anakufinya, unamfinya, anakuita majina ambayo mimi nisingemwita punda. Na Nyambura wangu, huyu msemaji, alikuwa amekaa pembeni ya kiti na mikono safi, akingoja jioni ifike. Mwaka mmoja Cucu alinivuta kando akaniambia, "Huyu mtoto wako mdogo ni mgumu. Hasemi. Hana haja na mtu." Nilikasirika mwezi mzima nikidhani ananichokoza kwa sababu ya jina la mama yangu. Hakuwa ananichokoza. Aliniambia alichopima, na kipimo chake kilikuwa sahihi kama changu, yaani hakikuwa sahihi.

Kila mara nilipotokea kwenye ua, ulishuka mapajani. Ulijipangusa sketi, ukatengeneza uso, na nilipofika mlangoni ulikuwa umeshakuwa yule Wambui ninayemjua. "Habari ya safari, Mami." Niliona. Miaka yote niliona, na nikafikiri ni adabu.

Tulipomzika Cucu ulilia mpaka watu wakaogopa. Mimi nilikuwa kando yako nikakunyooshea kitambaa kilichokunjwa vizuri, kama mtu anayempa mgeni. Ulikipokea ukasema asante.

Sasa, kuna ushauri mzazi hutakiwa atoe, na mimi sina mwingi. Huko unakoenda wataanza kukupima tangu siku ya kwanza. Wengine watasema wewe ni mkimya, wewe ni baridi, wewe hujichanganyi. Utapita katikati ya watu wazima wenye vyeo na vitabu vyao na hakuna kitakachokugusa wala utakachogusa, na jioni utarudi chumbani ukisema ndivyo nilivyo. Tafadhali usiseme hivyo haraka. Ulisema mwenyewe kwamba chembe inaweza kupita nchi nzima bila kusimama, na haimaanishi haina kitu. Mimi nimekuona mapajani mwa Cucu. Nakutolea ushahidi kwamba kuna mahali uliwahi kupokelewa na ukapiga kelele kama mtoto yeyote.

Na Nyambura usimhesabie kosa. Yeye alipokelewa tu, hakupokonya. Kule Subukia aliionja zamu yako, na ameniambia hajasahau.

Kuna jambo la mwisho ulilolisema Jumatatu, ukiwa umeshasimama unanawa mikono, na wewe labda umelisahau. Ulisema hata mkishaona kitu kimeruka nje ya kiini, hamwezi kuwa na hakika kwamba ndicho kilichozaliwa ndani. Kwa sababu ndani kuna msongamano. Kinachozaliwa lazima kipenye katikati ya protoni na nyutroni nyingine, kigongwe, kipoteze nguvu, pengine kimezwe kabisa na kitu tofauti ndicho kitoke mlangoni. Ninyi mko nje, mnaona kilichotoka tu. Kwa hivyo mnalazimika kufanya hesabu ya kurudi nyuma, kutoka kwa kilichoonekana mpaka kwa kilichokuwepo.

Basi ngoja nikwambie kilichozaliwa Jumamosi baba yako aliponiambia niseme neno.

Kilikuwa hivi: Nakupenda, Wambui. Nakupenda si kwa heshima. Nakupenda na kelele zako ambazo sikuwahi kupewa, na kidole chako mezani, na kile kikombe, na ningetoa vikombe vyote vya nyumba hii ili nirudi siku ile nikurushie ndala. Nenda, ufanye kazi yako, uijue vizuri. Watu wa Nakuru wote huniita kwa jina lako, sokoni, kanisani, ofisi ya mwalimu mkuu, siku nzima naitikia jina lako, na sijawahi kukwambia kwamba kila nikiliitikia huwa nafurahi.

Hilo ndilo lilikuwa ndani. Kisha likaanza kutoka, na likakutana na sufuria za Cucu, na mama yangu aliyekufa mapema, na miaka ya kusimama mbele ya darasa bila kuonyesha uso, na shangazi zako wote wakinikodolea macho. Likagongwa kila upande. Kilichofika mdomoni kilikuwa sweta.

Lakini hata sweta haikuwa neno tupu. Unakumbuka zote ulizovaa ukiwa mtoto alikufumia Cucu. Mimi sikuwahi kuthubutu, niliogopa utazikagua. Ulipopata barua ya kukubaliwa huko nilinunua nyuzi, nikaanza, na nimekuwa nikifuma staffroom wakati wa chai, nikifumua na kuanza upya, macho yangu yakinisaliti. Nyambura ndiye pekee aliyejua. Aliniambia, "Mathe, huu mkono ni wa twiga." Ni kweli, mkono wa kushoto umezidi. Nimeuacha hivyo kwa sababu sina nguvu ya kufumua tena. Jumamosi niliposimama ilikuwa imebaki kola tu, na akili yangu yote ilikuwa kwenye hiyo kola.

Sikuombi urudi. Kama huko ndiko utakakopokelewa, kaa, jenga, na mimi nitajifunza kuwasha hiyo video ya simu bila kuelekeza kamera kwenye dari. Ninachoomba ni kidogo. Usikae huko kwa sababu ya kipimo nilichokupa mimi, kwa kuwa kifaa hakikuanza kwa sifuri. Ulisema huoni kama hapa kuna kitu kinachokungoja. Kipo. Kimekaa jikoni, magoti yake mabovu, karatasi zake hazijasahihishwa, na kimekungoja tangu ile siku ya hospitali bila kujua namna ya kukukaribia.

Geti limelia. Nawasikia mnacheka nje, wewe na yeye, na najua ukikanyaga hapa mlangoni utapunguza sauti. Nakunja barua hii naitia ndani ya ule mkono mrefu, na sweta naiweka juu kabisa ya begi, ili uipate mara baridi itakapokushika. Kwa hivyo ukisoma hapa utakuwa umeshafika, na asubuhi yetu ya kuagana itakuwa imepita, na mimi najijua. Watu watakuwa wengi, begi litakuwa zito, baba yako atakuwa anapiga honi. Sitakuwa nimesema lolote kati ya haya. Nitakuwa nimekushika begani kwa sekunde moja nikakuuliza kama umebeba sweta, na uliposema ndiyo, nitakuwa nimekuuliza tena.

Fanya hesabu ya kurudi nyuma, Maitu.

Mama Wambui